Shahada ya data na ubunifu: nikirudi nitaajiriwa kama nani?

*«Nina miaka 29 na shahada ya kwanza ya takwimu, na kwa miaka mitano nimekuwa ofisa ufuatiliaji na tathmini katika mradi wa afya ya mama na mtoto mkoani Mwanza. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko Uskoti, katika kozi inayochanganya data na ubunifu: uchambuzi, uchoraji wa data, usanifu wa huduma za kidijitali na utafiti wa watumiaji. Chuo kimenipa ufadhili wa nusu ya ada. Kwa nusu iliyobaki na gharama za kuishi, baba yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Buhongwa. Wenzangu kazini wananiambia mshika mawili moja humponyoka, kwamba nitarudi nikiwa si mtakwimu kamili wala mbunifu kamili. Mjomba, ambaye ni mtumishi wa serikali, ameniuliza swali nililoshindwa kulijibu: ukirudi utaajiriwa kama nani? Nimetafuta matangazo ya kazi yanayotaja shahada hiyo, sijaona hata moja. Natakiwa kukijibu chuo ndani ya wiki sita. Je, shahada hii ina kazi?»*

Ndugu yangu, barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kama ujuzi huu una soko, na la pili ni kama inafaa kuuza kiwanja cha Buhongwa ili kuupata. La kwanza nalijibu bila kusitasita: soko lipo, ila halipo pale ulipolitafuta. La pili ni gumu zaidi, na nitakuomba unisome hadi mwisho kabla baba hajamwita dalali.

Nianze na mjomba, kwa sababu swali lake ni la mtu anayeujua mfumo. Katika utumishi wa umma wa Tanzania nafasi hutangazwa kwa kufuata miundo ya utumishi. Tangazo la Mtakwimu Daraja la II hutaja shahada ya takwimu au fani zinazokaribiana nayo, na la Ofisa TEHAMA hutaja sayansi ya kompyuta na jamaa zake. Anayechambua maombi hayo hana muda wala mamlaka ya kukisia kwamba ndani ya shahada yenye jina geni kuna masomo ya takwimu. Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba utaajiriwa kama mtakwimu, kwa kuwa shahada yako ya kwanza ni ya takwimu na hakuna uzamili utakaokuja kuifuta. Au utaajiriwa kama ofisa ufuatiliaji na tathmini, kama ulivyo sasa, au mchambuzi wa data katika benki. Katika miaka yangu ya kuajiri watu wa kazi hii sijawahi kutangaza nafasi ya «mtaalamu wa data na ubunifu», na sioni sababu ya kuanza kesho. Hutangazwa jina ambalo ofisa rasilimali watu analijua, kisha kwenye usaili ndipo tunapotafuta yule mwenye jicho la pili.

Ndiyo maana upekuzi wako wa matangazo haukuzaa kitu. Ulitafuta jina la shahada, na waajiri huandika majukumu. Rudi kwenye matangazo yaleyale, safari hii usome sehemu ya majukumu: «kuandaa dashibodi kwa ajili ya viongozi» (yaani ukurasa wa kompyuta unaoonyesha takwimu kwa michoro), «kuboresha zana za kukusanyia taarifa», «kuwasilisha matokeo kwa watu wasio wataalamu», «kufanya utafiti wa watumiaji wa huduma». Hiyo ndiyo kozi yako, imefichwa chini ya vyeo vingine.

Sasa methali ya wenzako. Mshika mawili humponyoka moja pale yale mawili yanapovutana. Data na ubunifu havivutani, ila ofisi zetu zimevitenga katika vyumba viwili, na kati ya vyumba hivyo makosa hupita bila mtu kuyaona. Nitakueleza tukio moja nililolishuhudia, ambalo wewe wa afya ya mama na mtoto utalitambua mara moja.

Nilikaa siku mbili katika zahanati moja ya kijijini wakati wa kufunga taarifa za mwezi. Muuguzi alikuwa na vitabu vyake vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za huduma za afya, mezani na fomu ya majumlisho pembeni. Alipofika kwenye kisanduku cha watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 alikipita, kwa kuwa mwezi ule hakuwa na mtoto hata mmoja wa namna hiyo, na kwake yeye kisanduku kitupu maana yake ni hakuna. Mwenzake wa zahanati jirani alikuwa na desturi ya kuweka kistari. Wilayani, mwingizaji wa taarifa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, alikuta utupu akauacha utupu, alikuta kistari akauacha utupu vilevile. Mkoani, mchambuzi aliona zahanati mbili ambazo hazikuleta taarifa: moja akaiandikia barua ya onyo, nyingine akaikadiria kwa wastani wa miezi iliyotangulia. Basi zahanati ambayo haikuwa na mtoto dhaifu hata mmoja ikapewa watoto wawili wa kubuni, na ile nyingine ikalaumiwa kwa uzembe.

Nani alikosea hapo? Muuguzi alijaza kwa mantiki ya kila mtu anayeandika kwa mkono, na mchambuzi alifuata kanuni za darasani. Mtakwimu peke yake angeweza kukaa mwaka mzima akiandika programu ya kusafisha data ile, na mbunifu wa michoro peke yake angeweza kuipamba fomu kwa rangi na nembo, tatizo likabaki palepale. Dawa ilikuwa maneno manne juu ya safu, «Kama hakuna, andika 0», pamoja na kunenepesha mipaka ya visanduku ambavyo havitakiwi kuachwa wazi, na baada ya hapo mfumo uambiwe utunze sifuri badala ya kuitupa. Maneno manne hayo hayawezi kuandikwa na mtu asiyejua tofauti ya sifuri na taarifa isiyokuwepo, wala na mtu ambaye hajawahi kukaa ubavuni mwa muuguzi saa kumi na moja jioni akimwangalia anavyojaza. Mtu mmoja mwenye mambo hayo mawili ndiye kozi yako inamlenga.

Upande wa pili wa kazi, ule wa kuonyesha matokeo, ndio watu huudhani kuwa ubunifu wote, na kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi. Hata hivyo una elimu yake, wala si urembo. Mwaka 1984 watakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho la binadamu hulinganisha vizuri zaidi alama zilizo kwenye kipimo kimoja kilichonyooka kuliko pembe au ukubwa wa maeneo. Ndiyo sababu nguzo zilizopangwa kuanzia ndefu hadi fupi humwelewesha mganga mkuu wa wilaya kwa haraka, ilhali duara lililokatwa vipande kumi na vinane humfanya aulize swali ambalo jibu lake liko mbele ya macho yake. Au chukua ramani. Ukipaka mikoa rangi kulingana na idadi ya wagonjwa, Dar es Salaam itakoza karibu kila mara, kwa kila ugonjwa, kwa kuwa Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Hapo umechora ramani ya watu ukaiita ramani ya ugonjwa. Mtakwimu anajua dawa yake ni kugawa kwa idadi ya watu, mbunifu anajua msomaji atafuata rangi na kuyapita maelezo ya chini, na kosa huingia pale kila mmoja anapodhani mwenzake ameshaliona.

Kwa mtu mwenye historia kama yako, mlango mpana zaidi ni huohuo unaousimamia sasa. Miradi ya afya, kilimo, maji na elimu, taasisi za utafiti kama Ifakara (ya afya) na REPOA (ya sera na umaskini) hapa kwetu au APHRC (ya afya na idadi ya watu) iliyoko Nairobi, pamoja na mashirika ya kimataifa, zote zina mlima wa taarifa ambazo hazisomwi. Kiongozi wa kitengo cha ufuatiliaji anayeweza kupunguza fomu ya kurasa kumi na moja ikawa nne, bila kupoteza kiashiria hata kimoja kinachotakiwa na mfadhili, hupanda haraka kuliko anayejua programu tano za takwimu. Huko ndiko ningekutazamia wewe, katika cheo cha juu zaidi kidogo ya ulichonacho, ndani ya miaka miwili au mitatu baada ya kurudi.

Benki na kampuni za pesa za simu ni mlango wa pili, nao hulipa vizuri zaidi, lakini humtaka mtu awe tayari kuanza kama mchambuzi wa kawaida. Swali la huko ni kwa nini wateja wengi huishia hatua ya tatu ya kuomba mkopo kwenye simu. Takwimu zitakuonyesha ni hatua ipi, ila sababu yake utaijua kwa kukaa na mama lishe akiishika simu yake. Kuna pia kazi za ramani, na hapa Dar es Salaam ina historia ya kujivunia: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaa inayofurika maji. Vyombo vya habari navyo huhitaji watu hawa, ila nafasi ni chache na mara nyingi hutegemea fedha za mradi. Nisingejenga maisha juu ya matumaini hayo.

Lipo jambo moja ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi waziwazi. Kazi ya chini kabisa ya fani hii, yaani kuchukua jedwali safi na kulitengenezea dashibodi nzuri, inashuka bei. Akili mnemba huchora grafu inayokubalika kwa sekunde chache, na mwajiri mbahili ameshaligundua hilo. Mhitimu atakayerudi akijitambulisha kwa programu anazozijua atakuta ushindani mkali. Atakayerudi akijua kuuliza kama jedwali lenyewe linasema kweli, nani alilijaza na katika mazingira gani, na uamuzi gani unasubiri jibu lake, huyo bado ana kazi tele, kwa sababu mashine haijakaa zahanati.

Kutokana na hilo, kama utakwenda, nakushauri uende ukiwa mtakwimu anayejifunza ubunifu. Usiende kujitafuta upya. Mguu wako mzito ni takwimu, usiuinue. Katika masomo ya kuchagua, chukua angalau moja litakalokupandisha kwenye takwimu juu ya ulipo leo, kisha ubunifu ujifunze kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: chora kwa penseli, kosolewa mbele za watu, futa, anza tena. Watakwimu wengi huumia sana katika hatua hiyo, maana darasani kwetu jibu lilikuwa sahihi au si sahihi, na ukosoaji wa mchoro hauna utulivu huo. Angekuwa mbunifu wa michoro aliyeniuliza swali hili, ningemwambia kinyume chake, tena kwa wasiwasi zaidi, kwa kuwa pengo la takwimu halizibiki kwa mwaka mmoja.

Tasnifu yako iwe juu ya jambo la nyumbani. Waajiri wa hapa wataitazama potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi ulizozifanya, kabla ya cheti, na kazi tatu zilizokamilika zinatosha, mradi kila moja ieleze swali lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, na baada ya mabadiliko watu walifanya nini tofauti. Mimi humuuliza kila mwombaji kipengele cha kati, kile kilichoshindikana, na asiyekuwa nacho nahisi kazi hakuifanya yeye. Tahadhari moja hapo: usiweke kwenye potifolio taarifa za wagonjwa wa mradi wako, hata ukiwa umefuta majina. Kijiji, umri na tarehe ya kujifungua vikikaa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kama Kenya walivyokuwa na yao tangu 2019. Tumia data zilizochapishwa, na matokeo ya sensa peke yake yana chakula cha miaka.

Sasa kiwanja. Hapa naandika kama kaka, si kama mwajiri tu. Nilichokieleza hadi sasa kinaonyesha kwamba shahada hii itakupandisha taratibu, ndani ya kazi ambayo tayari unaweza kuipata bila hiyo. Ni faida ya kweli, lakini si faida ya haraka, na mali ya familia ikishauzwa baba ataingoja kwa haraka kuliko soko litakavyokulipa. Wapo wanaopiga hesabu kwamba watabaki Uingereza wafanye kazi ili kurudisha fedha. Ruhusa ya kubaki baada ya masomo imekuwa miaka 2 kwa wahitimu wa uzamili, na serikali ya huko imetangaza kuishusha hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Ikiisha, utahitaji mwajiri aliye tayari kukudhamini. Wapo waliofanikiwa, lakini mimi nisingeuza ardhi kwa kutegemea ukarimu wa mwajiri nisiyemjua.

Ningekuwa wewe, barua ya kwanza ambayo ningeiandika wiki hii ni ya kukiomba chuo kiahirishe nafasi yako kwa mwaka mmoja, na ningeuliza kwa maandishi kama ufadhili wa nusu ada utaahirishwa pamoja nayo, kwa kuwa mara nyingi nafasi hubaki na ufadhili hupotea. Mwaka huo ungeutumia kuomba ufadhili kamili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo wewe umezipita zamani, na humtaka mhitimu arudi nyumbani kwa angalau miaka 2 baada ya masomo, sharti ambalo kwa mpango wako si mzigo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao unafaa kutazamwa. Maombi ya namna hii humtafuta hasa mtu wa aina yako: mwenye kazi, mwenye tatizo analolijua kwa jina, na mwenye sababu ya kurudi.

Na kama ufadhili hautapatikana? Bado mlango haujafungwa. Unaweza kusoma uzamili wa takwimu hapa nchini, chuo cha takwimu cha EASTC kilichopo Dar es Salaam kikiwa mojawapo, na ubunifu ukajifunza pembeni kwa kutumia programu za R (ya takwimu) na QGIS (ya ramani), ambazo ni bure, na kwa kuomba ridhaa ya kusanifu upya fomu moja tu ya mradi wako. Utakosa studio na wakosoaji wa darasani, na hilo ni pungufu kubwa, sitalipunguza. Hutakuwa na deni. Nimewaajiri watu wawili waliopita njia hiyo na mmoja wao ananizidi.

Ningebadili ushauri huu katika hali moja: kama kiwanja hicho si tegemeo la uzeeni la wazazi wako, na mwajiri wako akakuhakikishia kwa maandishi likizo ya masomo pamoja na nafasi ya kurudia. Hapo mwaka mmoja wa Uskoti, hata kwa fedha za nyumbani, ni matumizi yanayoeleweka.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia nikiwa mbali, na usiyaamue kwa kusoma tu. Nenda au uandike kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ukiwa na jina kamili la shahada, muda wake na orodha ya masomo, uulize itatambuliwa na kulinganishwaje, kwa kuwa mwajiri wa serikali atakudai uthibitisho huo. Mkataba wako wa kazi usomwe na mtu wa rasilimali watu pamoja nawe, kipengele cha likizo ya masomo kikiwa mezani. Mambo ya viza mpelekee mshauri anayetambulika kisheria, si rafiki wa rafiki aliyefika Glasgow. Suala la kiwanja lizungumzwe na familia nzima mkiwa mmekaa, mama naye akiwepo, maana katika barua yako sikuona mahali alipoulizwa.

Kati ya hayo, la chuo, la TCU na la mwajiri yaanze wiki hii, kwa sababu majibu yake yanategemea ratiba za watu wengine na wewe una wiki sita.